Kitasa wa Chombo Haturudi

Jumatatu, 6 Juni

Nimekohoa. Si mimi huyu, mimi huyu ni mzima kama chuma. Aliyekohoa ni mimi wa gazetini.

Nieleze vizuri, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wenye heshima zao. Tuko waandishi watatu. Tunaandika hadithi ya mfululizo katika gazeti la jioni: chombo kiitwacho Haturudi kinakata anga kutafuta nyota yenye maji. Mhariri aliweka masharti, akayabandika ukutani juu ya birika la chai. Kila mwandishi awe mtu ndani ya chombo. Aandike tu yale ambayo mtu wake ameyaona au kuyasikia. Kilichokwisha kuchapishwa hakifutwi. Na aliyekufa haandiki tena.

Mwalimu, mstaafu wa hesabu, huandika Jumatatu na Alhamisi. Yeye ndiye nahodha. Kwa nini yeye? Kwa sababu aliandika sehemu ya kwanza, akajipa cheo kabla sisi hatujavuta viti. Nesi huandika Jumanne na Ijumaa, naye ni rubani. Mimi ni fundi wa kufuli, mtaani wananiita Kitasa. Nina Jumatano na Jumamosi. Chomboni ni msaidizi wa jikoni, daraja la pili. Zawadi ya Mwalimu hiyo.

Leo ameandika kwamba nilipompelekea nahodha chai nilikohoa, na kohozi lilikuwa la samawati. La samawati! Ndani ya Haturudi hakuna anayekohoa hivi hivi. Mpishi mkuu alikohoa Jumatatu, Alhamisi tukamtupa angani kwa heshima zote.

Anataka kuniua. Kisa? Niliandika kwamba nahodha hukoroma mpaka mafundi wakadhani injini imeharibika. Niliandika nilichosikia. Masharti yanaruhusu.

Nikifa huko nimekwisha na huku. Siku hizo mbili za wiki ndizo pekee ambazo mtu akisimama mbele ya duka langu haulizii ufunguo. Anauliza itakuwaje. Sitaki kuzipoteza.

Mama mkwe yuko kwetu, chumba cha ndani, macho yote mawili yamefungwa bandeji tangu alipopasuliwa. Mke wangu humsomea gazeti kila jioni. Aliposikia habari ya kohozi alisema ndivyo alivyotarajia. Amekuwa akitarajia hivyo tangu harusi yetu.

Sifi. Naandika kwa wino: sifi.

Jumanne, 7 Juni

Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Nesi na mfuko wa vifaa. Nikamwambia nimesikia kitasa chake kinasumbua. Akasema hakisumbui. Nikakifungua hata hivyo, nikakipaka mafuta, nikakirudisha. Sasa kinasumbua kidogo. Huku nafanya kazi nikagusia, kwa mbali sana, habari ya afya yangu ya angani.

Nesi alicheka. Akasema sehemu yake ameshaiandika tangu jana, na angeniokoa hata bila kumharibia mlango. Mwanamke muungwana. Wodini kwake ndiko mama mkwe alikopasuliwa, na huko pia wanamsifu.

Jioni gazeti limetoka. Rubani amenifunga mgongoni mtungi wa hewa safi, akaniamuru nisiuvue hata nikiwa nimelala, na kohozi limekuwa jeupe. Nimepona. Ila sasa natembea chomboni na mtungi mgongoni kama mchuuzi wa gesi. Shukrani nyingi, lakini angeweza kunipa na cheo.

Mama mkwe kauliza mtungi huo ni wa mkopo au wangu mwenyewe.

Jumatano, 8 Juni

Siku yangu! Nimetunga hila ambayo hata Mwalimu na hesabu zake zote hataipata jawabu.

Nimejifanya mtu asiyeweza kuuawa. Nimeandika kwamba mpishi mkuu, kabla hajafa, aliniachia siri: msaidizi wa jikoni ndiye mlinzi wa chumba cha hewa. Hewa yote ya Haturudi hutoka humo, na mitambo yake naielewa mimi tu. Aniguse sasa tuone atavuta pumzi gani.

Halafu nikakieleza chumba chenyewe kwa ufundi, maana wasomaji wangu si watoto. Kina milango miwili. Wa kwanza unatoka kwenye korido, hufungukia koridoni, bawaba zake ziko upande wa korido. Wa pili unatokea nje, angani. Huo hufungukia ndani, bawaba zake ziko ndani, kwa sababu fundi mwenye akili haweki bawaba za mlango wa nje mahali mwizi anapozifikia. Hata angani. Kanuni ni kanuni. Ufunguo nimeutundika kwenye msumari koridoni ili nisiusahau.

Muuza viatu wa jirani ameisoma sehemu ile akiwa amesimama. Akasema amejifunza jambo kuhusu bawaba. Nilimpa mkono.

Alhamisi, 9 Juni

Mshenzi. Mshenzi mwenye miwani.

Nahodha, kwa mujibu wa gazeti la leo, alipita koridoni akaniona nimeinama ndani ya chumba cha hewa. Akausukuma mlango kwa mguu. Akautoa ufunguo kwenye msumari, ufunguo wangu, msumari wangu, akanifungia. Kisha akazima taa kutoka nje. Akawatangazia mabaharia kwamba mlinzi bora wa hewa ni yule anayelala nayo. Kisha, kwa sauti nzito ambayo Mwalimu hana hata akiwa na mafua, akatamka: mlango wa nje ukifunguka, hakuna atakayesalia ndani ya chombo.

Sijafa. Niko hai kabisa, ndani ya chumba hicho kidogo kama kabati, gizani. Na masharti yanasema niandike ninachokiona.

Nilikimbilia ofisini. Nikamwambia Mhariri huku ni kuniziba mdomo. Alikuwa anakata vichwa vya habari kwa mkasi, hakuinua uso. Akasema mtu aliye hai anaandika, na Jumamosi anataka kurasa zilezile kama kawaida. Nikauliza niandike nini, giza? Akasema, ndugu mwandishi, hilo ni tatizo lako na nahodha wako.

Mwalimu alikuwepo, anakunywa chai. Aliniuliza kama kikohozi kimetulia.

Jumamosi, 11 Juni

Wanataka giza? Nimewapa giza.

Jana niliteremsha shata ya duka mchana kweupe, nikaketi ndani kwenye kibao, nikafunga na macho. Nilikusudia kukusanya hasira. Hasira ikaisha baada ya muda, ikabaki mikono. Nikagundua mikono yangu inajua duka lote: tupa iko wapi, mashine ya funguo ina joto upande gani, harufu ya chuma ilivyo kali taa zikizimwa. Nikasikia watu wakipita nje, wanasema mambo yao, hawajui nipo. Ikaniuma namna fulani. Nikayaandika hayo hayo, ila nikayapeleka angani. Na Nesi jana alikuwa ameandika kwamba rubani alipita, akagonga ukuta mara tatu kunipa moyo. Nikaandika jinsi mtu anavyosubiri mgongo wa kidole cha mwenzake ugonge tena.

Hakuna vita, hakuna cheo, hakuna nyota hata moja. Niliona haya kuipeleka.

Jioni mke wangu alimsomea mama. Nilikuwa sebuleni nasikiliza. Alipomaliza, mama akaomba isomwe tena. Halafu akaniita.

Niliingia nikiwa na majibu tayari. Akasema ndivyo kulivyo gizani. Akasema watu wanaomtembelea humhadithia nuru, eti atawaona wajukuu, ataona hiki na kile, lakini hakuna aliyemwambia kwamba anakujua huko aliko yeye sasa. Akatafuta mkono wangu kwenye shuka. Akaniita mwanangu. Miaka yote hii naitwa “mume wa binti yangu.”

Akaomba kitu kimoja. Daktari atamfungua bandeji Alhamisi. Kaniomba nisitoke mle chumba cha hewa kabla yeye hajatoka gizani kwake.

Nimemwahidi.

Jumapili, 12 Juni

Sifa kila mahali. Muuza viatu alisoma ile sehemu mara mbili akasahau mteja. Mhariri mwenyewe kapita dukani, kasema ni kazi bora kuliko zote nilizompelekea, na nikae mle mle wiki chache.

Wiki chache!

Mwanzoni nilifurahi. Baadaye, nikiwa naoga, nikalitazama jambo hili upande wa pili. Wananisifu nikiwa kabatini. Nikiwa na chai mkononi hakuna aliyenisifu. Nikiwa mlinzi wa hewa nilipata mkono mmoja tu, wa muuza viatu, na mkono wenyewe niliutoa mimi. Maana yake nini? Maana yake watu wanapenda kuniona nimefungiwa.

Jumatatu, 13 Juni

Nahodha kajivisha nishani. Ubavuni, kifuani, na ya tatu hakukuwa na mahali, akaitia mfukoni. Mabaharia wakapanga mstari kumpa mkono kwa ushujaa wa kumdhibiti msaidizi wa jikoni. Akaandika kwamba mfungwa ametulia, “kama gunia la mkaa lililohifadhiwa mahali pakavu.”

Gunia!

Mama mkwe, aliposomewa, alicheka kidogo. Akasema gunia nalo lina raha yake, halisumbuliwi. Kwake ni mzaha. Kwangu damu ilipanda hadi masikioni.

Jumanne, 14 Juni

Nesi kaja dukani saa ya mapumziko. Kanong'ona kama mtu wa magendo. Ana mpango: rubani atamwibia nahodha ufunguo akiwa anakoroma, na Ijumaa atanifungulia mlango wa korido. Kachagua Ijumaa makusudi, maana anajua bandeji za mama zinatoka Alhamisi. Kanisihi kesho niandike giza tena, sehemu moja tu, taratibu, kama ile. Kasema wagonjwa wodini wamempa kazi ya kuwasomea.

Nilimshukuru. Nikamtolea kiti. Alipoondoka nikakipiga kiti teke.

Fundi wa kufuli, mtu niliyefungua sefu za wenye nazo, milango ya waliojifungia chooni na begi la bwana harusi, leo nifunguliwe mlango na nesi? Mbele ya wasomaji wote? Mtaa utaniitaje? Na nahodha anavaa nishani tatu huku mimi nasubiri kugongewa?

Najua nilimwahidi mama. Lakini nilimwahidi nisitoke kabla yake. Kesho ni Jumatano, Alhamisi ni keshokutwa, tofauti ni siku moja. Mama ni mtu mwelewa.

Nimeandika. Imenitoka kama maji ya bomba. Sikuhitaji hata kurudia sehemu za nyuma.

Jumatano, 15 Juni

Huru!

Nainakili hapa kwa ajili ya vizazi. “Nikapapasa gizani. Mikono yangu ikakuta bawaba. Nikacheka. Wajinga hawa, wamemfungia fundi na bawaba zake! Nikang'oa pini ya juu, nikang'oa ya kati, nikang'oa ya chini. Mlango ukaanguka. Mtungi wangu mgongoni, kichwa juu, nikapiga hatua moja nje.”

Gazeti limetoka jioni. Nimenunua nakala za kugawa. Nimepita mbele ya nyumba ya Mwalimu mara kadhaa, polepole, nikipiga mluzi. Pazia lilitikisika.

Mke wangu kamaliza kumsomea mama. Mama akageukia ukutani. Labda alisinzia.

Alhamisi, 16 Juni

Asubuhi, kabla sijapandisha shata yote, Mwalimu alikuwa amesimama nje na magazeti mawili na penseli. Nilidhani amekuja kusalimu amri. Akaniamkia vizuri. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake wa darasani, bawaba za mlango wa korido ziko upande gani.

Nikasema koridoni, ndugu yangu, soma.

Akauliza mtu aliye ndani gizani akipapasa bawaba, amepapasa za mlango upi.

Nilijifanya natafuta tupa.

Akaifungua sehemu yangu ya Jumatano iliyopita, akaipigia mstari. Bawaba ziko ndani. Mlango wa nje. Hata angani. Halafu akaifungua sehemu yake ya Alhamisi, akapigia mstari sentensi yake nzito: hakuna atakayesalia. Akasema basi nimeng'oa mlango wa nje, na yeye amekufa. Nesi amekufa. Mabaharia wote wamekufa, pamoja na nishani zake. Akasema nilipokuwa darasani kwake nilikuwa hivi hivi, jibu kwanza, swali baadaye. Nilitazama uso wake nikaona hana furaha hata chembe. Na leo ilikuwa siku yake ya kuandika.

Mhariri hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kilichochapishwa hakifutwi, aliyekufa haandiki. Jioni mahali petu palikuwa na tangazo la magodoro.

Hilo ningelivumilia. Godoro naweza kushindana nalo. Lakini mchana daktari alimtazama mama, akasema macho hayajawa tayari, bandeji ziendelee wiki nyingine. Mama akarudishwa chumba cha ndani. Jioni mke wangu alifungua gazeti, akakuta magodoro. Akamweleza. Mama akauliza, sasa kule gizani amebaki nani.

Mke wangu alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata siku niliyobadilisha vitasa vya nyumba nikasahau kumpa ufunguo.

Nilikwenda dukani nikalia. Nasema hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Alinishika mkono akaniita mwanangu, nami nikashindwa kukaa kabatini siku moja.

Ijumaa, 17 Juni

Ya ajabu yametokea, na yametoka chumba cha ndani.

Kwa kukosa mpya, mke wangu alimsomea mama sehemu za zamani, tangu kohozi. Alipofika kwa nahodha na sentensi yake, mama akamsimamisha. Akataka irudiwe. Hakuna atakayesalia ndani ya chombo. Akauliza, yule wetu alikuwa ndani?

Mke wangu akasema alipiga hatua moja nje.

Mama akauliza, na mtungi?

Mgongoni, akasema mke wangu. Nesi alimwamuru asiuvue.

Mama akalaza kichwa kwenye mto akasema basi mtu huyo hajafa, yuko nje anaelea, na kwa nini wamemtangazia magodoro.

Sikumbuki nilivyofika ofisini. Viatu havikuwa jozi moja. Niliziweka sehemu zote mezani mbele ya Mhariri, Mwalimu na Nesi. Mhariri alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mwalimu akasema ni upuuzi. Nikamwambia ni maneno yake, yamechapishwa, hayafutwi. Nesi alicheka mpaka akashika meza. Akasema ameridhika kufa ikiwa mtungi wake umefanya kazi, na kazi za wodini zimekuwa nyingi, atapumzika kidogo. Nikamwomba radhi kwa mpango wake wa Ijumaa. Akasema kwanza nirekebishe kitasa chake.

Hukumu: mwandishi pekee aliye hai ndiye atakayeandika. Siku zote sita. Mimi!

Mwalimu aliondoka bila kumaliza chai. Nilipomwona mgongo nilimwonea huruma. Ikapita.

Jumamosi, 18 Juni

Nimempelekea mama habari mwenyewe. Alitabasamu chini ya bandeji. Akasema jambo lake ni lile lile moja: niendelee kuelea huko gizani, taratibu, kwa mikono, kama ile siku, mpaka daktari amfungue. Akasema safari hii nisimkimbie.

Nimemwahidi kwa kiapo, mkono wangu ndani ya mkono wake. Nilitokwa na machozi tena, mbele ya mke wangu, bila aibu. Jambo hili limenifunza. Nimekuwa mtu mwingine.

Nimeshakaa kuandika ya Jumatatu. Ukurasa wa kwanza naelea, giza, mikono, kila kitu alichoomba. Ukurasa mzima! Ukurasa wa pili linatokea jeshi la vyombo vinavyong'aa, vinatafuta mtu wa kuviongoza. Siendi mimi, kiapo ni kiapo. Wanakuja wao. Wananipa cheo cha Nahodha wa Manahodha, na nishani nne. Kwenye chombo kikuu kuna msaidizi wa jikoni, daraja la tatu, mstaafu mwenye miwani. Anakohoa.

Chombo chenyewe nimekijenga kwa mikono yangu, sitaki makosa ya Haturudi. Chumba cha hewa nimekiweka kando ya kitanda changu. Milango miwili ndiyo iliyotuchanganya, kwa hiyo mlango ni mmoja tu, mkubwa, unatazama angani. Na ili nisifungiwe tena na mtu yeyote, bawaba nimeziweka ndani, hapo hapo mkono wangu unapozifikia gizani.